Kutoka kondo la nyuma hadi kwenye uvimbe

Nikisema kazi yangu ni kuchunguza protini zinazoshika sukari, wengi hudhani natibu kisukari. Sukari ninayoishughulikia haiko kwenye chai wala haipimwi kwa kutoboa kidole. Ni minyororo ya sukari ambayo kila seli ya mwili huijenga yenyewe na kuivaa nje ya utando wake, mingine mifupi yenye matawi, mingine mirefu sana. Protini fulani ikikuta mnyororo unaoifaa hung'ang'ania hapo, na kutokana na kushikana huko seli hupata amri ya kuishi, kufa, kuhama au kunyamaza. Kinga ya mwili inategemea mashikano hayo kila saa. Vimelea huyatumia kujificha. Saratani nayo inayatumia, na ndiyo iliyonifanya nisiiache kazi hii.

Ila sikuanzia kwenye saratani. Nilianzia wodi ya wazazi, Muheza, mkoani Tanga, enzi zile malaria imeshamiri kule, nikiwa fundi wa maabara kwenye utafiti wa malaria ya wajawazito. Swali lililotuweka pale wakunga walikuwa wakiliuliza siku nyingi: kwa nini mwanamke aliyekulia kwenye malaria, ambaye tangu utotoni mwili wake umejifunza kupambana nayo, akishika mimba ya kwanza malaria inampata upya utadhani hajawahi kuumwa? Mara nyingi hata homa hana. Anapungukiwa damu kimyakimya, na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Mimba ya pili inakuwa nafuu, ya tatu nafuu zaidi.

Jibu lilianzia Kisumu. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya vimelea walivyovitoa kwenye makondo ya akina mama wa magharibi mwa Kenya. Ili uelewe walichokiona, kumbuka kwamba kimelea cha Plasmodium falciparum kikishaingia ndani ya seli nyekundu ya damu huchomoza protini zake nje ya seli ile na kuganda kama kupe kwenye kuta za mishipa midogo, damu isije ikakipeleka kwenye bandama kikachujwa na kuuawa. Kina jeni zipatazo 60 za protini hizo, na hubadilisha moja baada ya nyingine, ndiyo maana kinga dhidi ya malaria huchukua miaka kujengeka. Fried na Duffy waliona vimelea vya kwenye kondo havishiki pale vinaposhika vimelea vya wagonjwa wengine. Vinashika sukari moja tu, kondroitini salfeti A, ambayo imetanda kwenye kondo.

Hapo kitendawili cha wakunga kikafumbuka. Mtoto hana kondo, mwanamume hana, msichana hana. Kimelea kinachoshika sukari ya kondo hakina pa kuganda mwilini mwao, kwa hiyo kinga yao haijawahi kukisoma. Msichana anakutana nacho siku kondo la mimba yake ya kwanza linapoota. Mwaka 1998 watafiti haohao na wenzao wakaonyesha kwamba akina mama waliokwisha kuzaa wana kingamwili, yaani protini za kinga zinazomnasa adui, zinazozuia vimelea hivi visishike, na kwamba kingamwili za mama wa Afrika huzuia hata vimelea vilivyotoka Asia. Mwaka 2003 Ali Salanti na wenzake wa Copenhagen wakaitambua protini yenyewe. Inaitwa VAR2CSA.

Mimi haya niliyasoma usiku, mchana nikienda kuomba makondo.

Kuomba kondo la mtu si kazi ndogo. Familia nyingi huku kwetu hulizika, na si kila mtu anaruhusiwa kujua lilipozikwa. Mama mwenyewe anaweza kuwa amekubali tangu kliniki na ametia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, lakini saa ya kujifungua mwenye neno ni bibi aliyeko mlangoni na khanga mpya za kumpokelea mtoto. Namkumbuka bibi mmoja. Nilimwamkia, akaitika, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Mwanangu, ukishalikata hilo, damu yetu inakwenda wapi?" Nikamweleza kwamba nachukua kipande kidogo na damu kidogo, linalobaki narudisha mikononi mwake. Akauliza tena, "Na mtakachokiona mtatuambia?" Nikamjibu kwamba matokeo ya mjukuu wake atapewa kliniki, na ya utafiti mzima tutakuja kuyaeleza kijijini. Akatoa ruhusa. Alisimama kando yangu mpaka nikamaliza kukata, akapokea kondo, akalifunga kwenye kitambaa, akaondoka nalo.

Swali lake la kwanza ningependa liandikwe juu ya mlango wa kila jokofu la sampuli katika Afrika. Sampuli zetu zilikwenda mbali kweli. Baadhi ya walizozikusanya wenzangu katika kazi nyingine zilikwenda na hazikurudi hata kwa barua.

Kipande cha kondo ukikiponda, ukakipaka kwenye slaidi na kukitia rangi ya Giemsa, unaona seli nyekundu zenye vimelea zimejazana, kila moja na doa la kahawia iliyokoza ambalo ni taka ya kimelea baada ya kula himoglobini. Kwenye damu ya kidoleni ya mama huyohuyo huenda usione hata kimoja. Mara ya kwanza kuona tofauti hiyo nilimwita mkunga wa zamu aje atazame. Alitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe wanakuwa humu wakati sisi tunamwambia mama kipimo kiko safi." Miaka yote amekuwa akipokea watoto wadogo kupita kiasi bila mtu kumwonyesha kitu hiki kwenye hadubini. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikaa na swali hilo kila usiku.

Baadaye nilipata nafasi ya kusoma zaidi Ulaya ya kaskazini, na huko nikajifunza kufuga vimelea. Kimelea cha malaria hakipendi hewa yenye oksijeni nyingi. William Trager na James Jensen, waliofaulu kukifuga mfululizo mwaka 1976, walitumia chombo cha kioo chenye mfuniko: unaweka vichupa vya damu ndani, unawasha mshumaa, unafunika na kuacha tundu wazi, mshumaa ukizimika wenyewe unafunga tundu. Maabara tajiri zina mitungi ya gesi iliyochanganywa tayari. Nilifundishwa zote mbili, na nashukuru, kwa sababu niliporudi nyumbani mtungi ulipoisha mshumaa ulikuwepo.

Tatizo la vimelea vya kondo ni kwamba ukivifuga kwa muda bila kuvikumbusha, huanza kutumia protini nyingine na kuacha kushika sukari ile. Inabidi uvichuje tena na tena. Unachukua chupa ambayo chini yake kuna zulia la seli hai za binadamu zenye sukari ya kondo, unamimina damu yenye vimelea, unatikisa taratibu, unaacha vishike, kisha unaosha. Vilivyoshika ndivyo unavyoendelea kuvifuga. Seli tulizotumia kutandika chini ya chupa zinaitwa BeWo. Zilitoka kwenye koriokasinoma, yaani saratani inayoota kutokana na seli za kondo.

Soma sentensi hiyo tena. Maabara za malaria ya mimba zilikuwa zikitumia seli za saratani kama chambo cha vimelea. Kwetu zilikuwa chombo cha kazi, kama zilivyo pipeti na visahani. Jirani, ghorofa nyingine, kulikuwa na idara ya saratani ambayo ilijua kila kitu kuhusu seli kama hizo na haikuwa na sababu ya kuijua VAR2CSA. Tulikuwa tukisalimiana kwenye lifti.

Mwaka 2015 timu ya Salanti, ikishirikiana na Mads Daugaard wa Vancouver, ilichapisha kwenye jarida la Cancer Cell kwamba VAR2CSA iliyotengenezwa maabara, bila kimelea chochote, inashika seli za saratani za aina nyingi mno, na si za kondo tu. Sababu yake ukiielezwa unaona ilivyo na mantiki. Kondo ni kiungo kinachokua kwa kasi ya ajabu, kinachojipenyeza kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuvuta mishipa ya damu upande wake. Uvimbe wa saratani unafanya mambo hayohayo mahali pasipostahili, na katika kuyafanya huiamsha tena sukari ambayo mwili ulikuwa umeitengea kondo. Kondroitini salfeti ipo sehemu nyingine za mwili, hata kwenye gegedu la magoti, lakini mpangilio wa salfeti kwenye mnyororo ule si uleule, na kimelea kwa karne na karne za kuishi na wajawazito kimejifunza kuutofautisha kuliko kifaa chochote tulichokuwa nacho. Watafiti wakaifungamanisha VAR2CSA na sumu ya bakteria wa dondakoo, na katika jaribio jingine na dawa inayoua seli, wakawapa panya wenye uvimbe. Ukuaji wa uvimbe ulizuiwa. Mwaka 2018 wakaonyesha protini hiyohiyo inaweza kutumika kunasa seli za saratani zilizochoropoka na kuzunguka kwenye damu.

Nilipoisoma ile karatasi ya 2015 nilikuwa nimesimama, na nilikaa chini. Nilifikiria makondo ya Muheza.

Tangu hapo sijaona tena mpaka kati ya idara hizi mbili. Nilianza kusoma upande wa pili, jinsi sukari inavyonyamazisha kinga, na huko nako kondo lilinisubiri. Gabriel Rabinovich wa Buenos Aires ametumia maisha yake ya kazi kuchunguza galektini-1, protini ya mwilini mwetu wenyewe inayoshika sukari yenye galaktosi. Mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, humwaga galektini-1 inayoua seli T, askari wa kinga waliomo kwenye damu, zilizokuja kuishambulia. Walipoizuia, panya wakaweza kuukataa uvimbe. Baadaye ikajulikana kwamba seli T haziathiriki sawa: zile kali zaidi ndizo zimevaa sukari ambayo galektini-1 inaishika, wakati kundi jingine limeifunika sukari hiyo kwa sukari nyingine iitwayo asidi ya siali, nalo linapona. Kwa hiyo uvimbe hauui kinga yote. Unawachagua wapiganaji.

Kisha mwaka 2007 Sandra Blois, Rabinovich na wenzao wakachapisha matokeo ya panya wenye mimba. Mimba inayoelekea kuharibika ilikuwa na galektini-1 kidogo, na panya walipoongezewa, mimba ilisalimika. Mtoto tumboni ni nusu mgeni, amebeba chembe za baba, na bila mpango wa kuwatuliza askari wa mama asingefika hata wiki chache. Galektini-1 ni sehemu ya mpango huo. Uvimbe umeiba mpango uliowekwa kwa ajili ya mtoto. Mara mbili, kwa sukari mbili tofauti na protini mbili tofauti, kondo na saratani zimekutana mahali pamoja, na sidhani kama ni bahati nasibu.

Timu hiyohiyo ya Buenos Aires mwaka 2012 iliigeukia sarkoma ya Kaposi, saratani inayoota kwenye kuta za mishipa. Huu ni ugonjwa wetu. Uganda na Tanzania ulikuwepo kabla ya UKIMWI, na UKIMWI ulipokuja ukaongezeka vibaya sana. Yeyote aliyefanya kazi hospitali za rufaa miaka hiyo anayajua madoa yale ya zambarau miguuni na kaakaani. Waliona kwamba uvimbe ukikosa oksijeni hutoa galektini-1 kwa wingi, nayo huchochea mishipa mipya ya damu kuota, na kuizuia kulipunguza ukuaji kwa panya. Nilipokuwa nikiieleza kazi hii kwenye semina, daktari mmoja wa ngozi alisimama akauliza kwa nini sampuli za Kaposi zilizojaa kwenye makabati yetu hazijawahi kutazamwa kwa jicho hilo. Nilimwambia makabati ni yake na hadubini ni yangu, tuanze kesho. Ndiyo kazi ninayoifanya sasa: vipande vya zamani vilivyogandishwa kwenye nta, vya Kaposi, vya matiti, vya mlango wa kizazi, tunavikata vyembamba, tunaviwekea protini zinazoshika sukari na kutazama zinakong'ang'ania. Nyingi ya protini tunazotumia zinatoka kwenye mimea ya jikoni, karanga na dengu zikiwemo. Protini ya maharage mekundu, ambayo ndiyo inayomtapisha mtu akila maharage yasiyoiva, Peter Nowell aligundua mwaka 1960 kwamba huzifanya seli nyeupe za damu zianze kugawanyika, na mpaka leo tunaitumia kuhakikisha seli za mgonjwa ziko hai kabla ya kuamini majibu yake.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, kwa sababu limeumiza watu ninaowapenda. Shangazi yangu alipopata saratani ya titi, habari kwamba "saratani inakula sukari" ilimfikia kabla ya dawa. Akaacha chai ya sukari, sawa. Akaacha matunda, akaacha wali, akaacha uji. Alifika kwenye mzunguko wa tatu wa dawa amekonda kiasi kwamba daktari aliahirisha. Nilikwenda kukaa naye jikoni kwake. Nikamweleza, shangazi, sukari iliyo juu ya uvimbe seli inajijengea yenyewe kwa sukari iliyoko kwenye damu, na hata ukifunga mwezi mzima ini lako litaendelea kutengeneza sukari ya damu, kwa sababu bila hiyo ubongo haufanyi kazi. Huwezi kuivua seli nguo yake kwa kujinyima uji. Unachopoteza ni nguvu za kuhimili dawa. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia hii ndiyo kazi yangu, nina uhakika. Akala. Wengi hawana mpwa wa kuwaambia hivyo, na wanaosambaza ushauri ule kwenye simu hawaendi mazishini.

Vijana wanaonifuata wakitaka kufanya utafiti huniuliza wachague ugonjwa gani, malaria au saratani, upande gani una fedha. Huwa nawashauri wachague molekuli na kuifuata hata ikivuka ukuta wa idara. Najua ushauri huu una gharama, kwa sababu wafadhili hugawa fedha kwa majina ya magonjwa, na mimi nimewahi kurudishiwa maombi na ofisi moja kwa maelezo kwamba mradi ni wa saratani, nyingine ikanirudishia kwa maelezo kwamba ni wa malaria. Bado nawashauri hivyo.

Lakini kuna swali moja ambalo naona ni letu kulishika, na nalisema kila ninapokaribishwa kuzungumza. Chanjo za malaria ya mimba zilizotengenezwa kutokana na VAR2CSA, PAMVAC na PRIMVAC, zimekwisha kujaribiwa kwa watu, ya kwanza Ujerumani na Benin, ya pili Ufaransa na Burkina Faso, na ziliamsha kingamwili. Wakati huohuo wengine wanataka kuitumia protini hiyohiyo kubeba dawa ya saratani. Sasa fikiria mwanamke wa miaka hamsini wa Muheza, amezaa watoto watano enzi za malaria kali, ana saratani ya mlango wa kizazi. Damu yake huenda bado ina kingamwili dhidi ya VAR2CSA, au ina kumbukumbu ya kuzitengeneza upesi. Ukimchoma dawa iliyobebwa na protini hiyo, kinga yake inaweza kuidaka kabla haijafika kwenye uvimbe. Mwanamke wa Copenhagen hana kizuizi hicho. Dawa inaweza ikafaulu vizuri kabisa Ulaya, ikashindwa kwa wanawake walewale ambao damu zao na makondo yao ndivyo vilivyoifundisha dunia kwamba protini hiyo ipo.

Swali hili haliondoki kwa kusubiri. Linapimika, na linapimika hapa. Wahandisi wa protini wanaweza kukata sehemu ya VAR2CSA inayoshika sukari na kuacha sehemu nyingine ambazo kingamwili huzilenga, au kubuni kibebeo kingine kabisa kinachoitambua sukari ileile, lakini hawatajua wakate wapi bila damu ya akina mama hawa mezani. Kwa hiyo katika fomu tunazoandaa sasa kwa wagonjwa wa saratani, kabla ya aina ya uvimbe na hatua yake, nimeweka maswali mawili ambayo wenzangu wa idara ya saratani waliyashangaa mwanzoni: umebeba mimba ngapi, na ulipokuwa umezibeba ulikuwa ukiishi wapi. Chini yake kuna nafasi ya namba ya kichupa kimoja cha damu, na mstari unaosema majibu yatarudishwa kwa nani.